Neno Lililo Juu ya Kopo: Historia ya Kauli za Kibiashara katika Vifungashio vya Chakula

Wataalamu wa Kiswahili wamekwisha kuyachunguza kwa kina majina ya kanga, na baadhi yao wameyafuatilia hata maandishi ya mabasi na malori, wakayapa nafasi yake katika fasihi na isimujamii. Maandishi ya pakiti ya unga, ya chupa ya mafuta na ya kopo la maziwa hayajabahatika hivyo. Hali hii inashangaza kidogo, kwa kuwa hayo ndiyo maandishi yanayoingia katika kila nyumba, yakasomwa jikoni na mama, mtoto wa shule na mfanyakazi wa ndani, na yakarudiwa kusomwa kila siku hadi kopo litupwe. Tena msomaji wake ni wa namna ya pekee. Anayeletewa kanga anajua kuwa ameletewa fumbo, naye hulitafuta lengo lake. Anayenunua kopo la maziwa hadhani hata kidogo kwamba anasoma fumbo. Anadhani kuwa anaarifiwa.

Katika tofauti hiyo ndimo linamotoka tatizo ambalo mhadhara huu unalishughulikia. Aghalabu hudhaniwa kuwa mnunuzi hupotoshwa kwa uongo, yaani kwamba mfanyabiashara mdanganyifu ameandika jambo lisilokuwapo. Wapo wa namna hiyo, na sheria huwashika bila taabu kubwa. Lakini kauli nyingi zilizowapotosha wanunuzi katika kipindi cha karne moja na nusu iliyopita zilikuwa kauli za kweli, au angalau kauli ambazo hakuna neno lake moja lililoweza kuthibitishwa mahakamani kuwa ni la uongo. Kiwango cha kimataifa cha Codex Alimentarius kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, kilichotolewa mwaka 1985, kinalitambua jambo hili. Hakiishii katika kukataza maelezo ya uongo, bali kinakataza pia maelezo yanayoweza kumjengea mtu picha isiyo sahihi ya chakula chenyewe. Kukataza uongo ni kazi ya mkemia na hakimu. Kukataza picha isiyo sahihi ni kazi inayomhitaji pia mtu wa lugha, na huyo kwa kawaida haitwi.

Siagi isiyo siagi

Mwaka 1869 mkemia Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès alipata hataza ya mafuta ya kupaka yaliyotengenezwa kwa shahamu ya ng'ombe na maziwa. Serikali ya Napoleon wa Tatu ilikuwa imetangaza tuzo kwa atakayevumbua kitu cha bei nafuu cha kushika nafasi ya siagi kwa askari na maskini. Bidhaa hiyo ilipovuka bahari na kuingia Uingereza, wafanyabiashara waliiita "butterine", jina lililobeba neno la Kiingereza la siagi tumboni mwake. Hawakusema kuwa ni siagi. Waliliacha jina liseme. Bunge la Uingereza lililiona hilo, na mwaka 1887 likapitisha sheria kwamba kila mafuta ya kupaka yanayofanana na siagi yasiyotokana na maziwa pekee yaitwe majarini, na yaandikwe hivyo. Marekani nayo ilikuwa imekwisha kuyatoza kodi maalumu mwaka 1886. Baadhi ya majimbo yake yalikwenda mbali zaidi yakapiga marufuku kuyatia rangi ya manjano, kwa hoja kwamba rangi nayo ni kauli. Jimbo la Wisconsin, lenye wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa, halikuiondoa marufuku hiyo hadi mwaka 1967. Hapana shaka kuwa wafugaji walikuwa wakiyalinda masoko yao kuliko walivyokuwa wakimlinda mlaji, lakini hoja yao ya rangi ilikuwa na uzito wa kinadharia ambao wanasemiotiki wangeukubali.

Linalohusu Kiswahili ni lile lililotokea baadaye. Majarini ilipoenea Afrika Mashariki, neno "majarini" lilibaki katika kamusi na katika maandishi madogo ya lebo. Katika mazungumzo, watu waliiita siagi, au waliiita kwa jina la chapa iliyokuwa maarufu zaidi, na hadi leo katika nyumba nyingi "mkate na siagi" ni mkate uliopakwa majarini. Mkanganyo ambao wabunge wa London walitunga sheria ili kuuzuia, wazungumzaji wa Kiswahili waliuunda wenyewe, bila mfanyabiashara yeyote kusema uongo. Ndiyo kusema kwamba lebo haifanyi kazi peke yake. Hukutana na lugha ambayo tayari ina mazoea yake, na mazoea hayo mara nyingine humfanyia muuzaji kazi ambayo sheria imemkataza kuifanya.

Maziwa ya nani?

Hakuna mahali ambapo neno la kopo limegharimu zaidi kuliko katika ulishaji wa watoto wachanga, na kwa sababu hiyo suala hili linastahili kuelezwa kwa kirefu.

Hataza ya maziwa mazito ya kopo yenye sukari ilitolewa nchini Marekani mwaka 1856 kwa Gail Borden. Miaka kumi baadaye, mwaka 1866, kampuni ya Anglo-Swiss Condensed Milk ilianzishwa huko Cham, Uswisi, na mwaka 1867 Henri Nestlé, mfamasia wa mji wa Vevey, alianza kuuza unga wake wa maziwa na ngano kwa ajili ya watoto. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1905. Maziwa ya kopo yalikuwa na faida zake: hayakuharibika upesi, na katika miji ya Ulaya ambako maziwa mabichi yalichanganywa na maji machafu, kopo lililofungwa lilionekana kuwa salama. Lakini aina ya bei nafuu zaidi, iliyonunuliwa na maskini, ilikuwa ile iliyoondolewa malai. Mtoto aliyelishwa maziwa hayo alipata sukari kwa wingi, akakosa mafuta pamoja na vitamini A na D. Hakudhoofika kwa namna ya kumtisha mama mara moja. Pengine alinenepa, huku mifupa yake ikilainika kwa ugonjwa wa matege.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1899 ililazimisha makopo ya aina hiyo yaandikwe kwa herufi kubwa kuwa maziwa yake yameondolewa malai. Mtu wa lugha ataona mara moja upungufu wa agizo hilo. Kwa mkemia, kuondolewa malai ni habari ya kutosha. Kwa mama wa mtaa wa maskini, maneno hayo yalieleza jambo lililofanyika kiwandani, hayakueleza lolote kuhusu mtoto wake. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kabla ya kanuni za miaka ya 1920 kulitaka kopo liseme waziwazi kuwa maziwa hayo hayafai kwa watoto wachanga. Katika kipindi chote kilichotangulia, kopo lilikuwa likisema kweli kwa lugha ambayo aliyehitaji kuielewa hakuwa na njia ya kuifasiri.

Tarehe 12 Januari 1939, daktari Cicely Williams alihutubia klabu ya Rotary ya Singapore. Kabla ya kuhamishiwa Malaya alikuwa amefanya kazi katika Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, na ni yeye aliyeingiza katika maandishi ya tiba neno la Kiga "kwashiorkor", jina la maradhi ambayo Kiswahili kimeyaita unyafuzi au, kwa kuazima, kwashakoo. Jina hilo alilipata kwa kuwasikiliza akina mama, nao walikuwa wakilitumia kwa maradhi ya mtoto anayeondolewa ziwani kwa sababu mwenziwe amezaliwa. Huko Singapore aliona maziwa ya kopo yenye sukari yakisifiwa kuwa chakula kinachofaa watoto wachanga, ilhali Uingereza makopo ya aina iliyoondolewa malai yalikuwa yakitakiwa kutoa onyo. Hotuba yake aliipa jina la Maziwa na Mauaji, na hakulitumia neno la pili kwa mzaha: alitaka vifo vya watoto vilivyotokana na uenezaji huo vihesabiwe kuwa mauaji. Kampuni zilizotajwa zilikuwa miongoni mwa waheshimiwa wa mji, na mambo yaliendelea kama kawaida.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, maziwa ya unga ya watoto yaliingia Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kwa nguvu mpya. Wanawake waliovalishwa sare zinazofanana na za wauguzi walitembelea wodi za wazazi wakigawa makopo ya bure. Namna madhara yalivyotokea inajulikana vizuri. Mama aliyepewa kopo la bure humnyonyesha mtoto mara chache zaidi, na ziwa lisilonyonywa hukauka. Kopo la bure likiisha, inambidi anunue jingine, na bei yake ni sehemu kubwa ya mshahara wa kibarua. Ili kopo lidumu huongeza maji, na maji yenyewe hayakuchemshwa, kwa kuwa kuni nazo zinanunuliwa. Mtoto huharisha, hukonda, na mara nyingi hufa, huku jirani wakishuhudia kuwa alikuwa akilishwa maziwa ya dukani kama mtoto wa tajiri.

Kopo lenyewe lilisema nini? Maelekezo ya vipimo yaliandikwa kwa lugha za Ulaya, kwa herufi ndogo. Juu yake ilikuwapo picha ya mtoto mnene anayecheka. Mama asiyejua kusoma alisoma sehemu aliyoweza kuisoma, na sehemu hiyo haikuwa na vipimo.

Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu cha mwandishi Mike Muller kilichoitwa The Baby Killer. Kikundi kimoja cha mjini Bern kilikitafsiri kwa Kijerumani, na katika kutafsiri kikabadilisha jina. Jina la Kiingereza lilimtaja muuaji bila kusema ni nani, lakini jina la Kijerumani lilitamka kuwa Nestlé inaua watoto. Kampuni ilishtaki. Katika hukumu ya mwaka 1976, wanakikundi 13 walitozwa faini ya faranga 300 kila mmoja kwa sababu ya jina hilo, lakini hakimu aliiambia kampuni pia kwamba inapaswa kuufikiria upya utangazaji wake. Mahakama, kwa hakika, ilikuwa ikipima kitenzi: je, anayeuza kitu ambacho matumizi yake katika umaskini huleta kifo anaua? Kiswahili kina vitenzi viwili hapa, "kuua" na "kufisha", na cha pili, kikiwa ni kauli ya kutendesha ya "kufa", kinaacha nafasi ya visababishi vya kati kama vile maji, kuni na mshahara. Pengine mtafsiri aliyekuwa na lugha ya namna hiyo angeokoa faranga 3,900. Lakini pengine vilevile asingesikika.

Mwaka 1977 kampeni ya kususia bidhaa za kampuni hiyo ilianzishwa nchini Marekani, na tarehe 21 Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama kwa kura 118 dhidi ya moja, nayo ni ya Marekani. Nchi tatu hazikuegemea upande wowote. Kifungu cha tisa cha Kanuni hiyo ni somo la isimu tumizi. Kinataka kopo liandikwe kwa lugha inayofaa, kwa maneno yaliyo wazi na yanayosomeka. Kinataka lieleze ubora wa kunyonyesha na hatari ya kukosea matayarisho. Kinakataza picha za watoto wachanga, na kinakataza kwa kuyataja maneno mawili ya Kiingereza, "humanized" na "maternalized", pamoja na maneno mengine yanayofanana na hayo. Kuhusu maziwa mazito yenye sukari, kinakataza lebo kutoa hata maelekezo ya namna ya kuyageuza yawe chakula cha mtoto mchanga. Takribani miaka themanini ilikuwa imepita tangu sheria ya mwaka 1899.

Maneno hayo mawili yaliyokatazwa yanastahili kutazamwa. Yote yanatokana na nomino, ya kwanza ikihusu binadamu na ya pili ikihusu mama, na yote yamefanywa vitenzi katika hali ya kutendwa: maziwa ya ng'ombe yamefanywa kuwa ya kibinadamu, au ya kimama. Mtendaji hatajwi. Kiswahili hakina neno moja la kubeba maana hiyo, bali kingelazimika kusema "yaliyofananishwa na ya mama", na kwa kusema hivyo kingekuwa kimekiri kuwa si ya mama. Kwa hiyo marufuku ya maneno yanayofanana na hayo haimpi mtafsiri wa Kiswahili orodha. Humlazimisha atafute ni wapi lugha yake inafanya kazi ileile kwa njia nyingine.

Nayo inaifanya katika a-unganifu. Kihusishi hiki kidogo hubeba uhusiano wa chanzo, wa umiliki, wa kusudio, wa mali ghafi, wa mahali na mengine mengi. "Maziwa ya mama" ni maziwa yanayotoka kwa mama. "Maziwa ya mtoto", kama mnunuzi anavyoyaomba dukani, ni maziwa yaliyokusudiwa mtoto. Uhusiano ni mwingine kabisa, lakini umbo ni lilelile, na maneno hayo mawili husimama kama ndugu wa tumbo moja. Hata zaidi, katika umbo la pili mtoto anaonekana kama mwenye maziwa, na mama hayumo. Hakuna kampuni iliyobuni msemo huo. Ulizuka wenyewe katika maduka, lakini hakuna tangazo ambalo lingeweza kufanya zaidi. Istilahi ya kisheria, "vibadala vya maziwa ya mama", imejaribu kumrudisha mama katika kirai, japo inaweza kuhojiwa kama neno "kibadala" halimhakikishii msomaji kuwa kitu hicho kinaweza kukaa badala ya kingine na mambo yakaenda sawa.

Tanzania ilitunga kanuni zake za uuzaji wa bidhaa hizi mwaka 1994 na kuzipitia upya mwaka 2013. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2012. Sheria zilipoyabana makopo ya watoto wachanga, makampuni yalikuza soko la maziwa ya watoto wakubwa kidogo, nayo yakaja na namba: 1, 2, 3. Rangi ni ileile, nembo ni ileile, na jina ni lilelile, kiasi kwamba kulitangaza kopo namba 3, ambalo nchi nyingi hazikukataza kutangazwa, ni kulitangaza pia namba 1. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikuwa umekwisha kusema mwaka 1986 kuwa maziwa hayo ya kufuatia si ya lazima, na mwongozo wa mwaka 2016 uliyahesabu yote hadi umri wa miezi 36 kuwa vibadala vya maziwa ya mama. Namba ni kauli isiyo na neno hata moja. Anayetafuta kiima na kiarifu ndani yake hatavipata, ila mama anayefuata mfuatano huo ameelewa kuwa baada ya moja huja mbili.

Sifa ya kutokuwa nacho

Mafuta ya kupikia yametoa mchango mwingine katika historia hii. Tangu kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, ianze kuogopwa na watu wa kawaida, chupa na ndoo za mafuta ya mimea zimekuwa zikiandikwa kuwa mafuta hayo hayana lehemu. Ni kweli tupu. Lehemu hutengenezwa katika miili ya wanyama, na mimea huwa nayo kwa kiasi kidogo mno kisichohesabika. Mafuta ya alizeti hayana, ya pamba hayana, ya mawese hayana, wala hayakuwa nayo kabla ya kiwanda kujengwa.

Ukanushi katika lugha haufanyiki katika utupu. Mwenye nyumba akimwambia mpangaji mpya kuwa leo choo hakikuziba, atakuwa amemwambia mengi kuhusu siku nyingine. Vivyo hivyo chupa inayosema kuwa mafuta yake hayana lehemu humfahamisha mnunuzi, bila kutamka, kwamba chupa ya jirani inayo. Aidha, humfanya aamini kuwa kitu cha kuogopwa kimekwisha kuondolewa, wakati takribani nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta yaliyokolea ambayo nayo huongeza lehemu katika damu ya mlaji. Wataalamu wa sheria za Marekani walilitatua jambo hili kwa njia ya kisarufi: chini ya kanuni zilizofuata sheria ya mwaka 1990, bidhaa ambayo kwa asili yake haina lehemu inapaswa kusema kuwa aina nzima ya chakula hicho haina, si chapa hiyo peke yake. Kiima kinapanuliwa, na majigambo yanakufa yenyewe.

Kuna na jina lenyewe, "mafuta ya mboga". Ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, na ni tafsiri mbaya. Katika Kiswahili mboga ni mchicha, kisamvu, matembele. Kwa wengi ni kitoweo chochote cha kulia ugali. Hakuna mafuta yanayokamuliwa mchicha. Mtu wa Kigoma anayajua mawese kwa jina lake, kwa rangi yake na kwa harufu yake. Yakisafishwa hadi kuwa meupe na kuitwa ya mboga, hata yeye hayatambui tena.

Neno "safi" nalo lina historia yake katika unga wa mahindi. Kiswahili hutofautisha dona, unga uliosagwa pamoja na pumba na kiini chake, na sembe, unga uliokobolewa. Weupe wa sembe umeuzwa kwa miaka mingi kuwa ni usafi. Neno hilo hubeba maana ya kutokuwa na uchafu, ya kutochanganywa na ya kuwa bora, na pakiti haina haja ya kuchagua mojawapo. Lakini kinachoondolewa ili unga uwe mweupe ndicho chenye sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, madini na mafuta ya punje. Tanzania ilipoweka kanuni za urutubishaji mwaka 2011, na Kenya ilipouamuru mwaka 2012, pakiti zilipata neno jipya: unga "ulioongezewa virutubishi". Urutubishaji ni jambo jema, na asidi ya foliki peke yake imewakinga watoto wengi duniani na ugonjwa wa mgongo wazi. Hata hivyo, kitenzi "kuongeza" kinasimulia nusu ya hadithi. Baadhi ya vilivyoongezwa ni vile vilivyotolewa katika mashine ya kukoboa ya kiwanda hichohicho, na kwa kutoa huko pakiti haina kitenzi.

Embe lililomo katika "ya"

Kiswahili cha zamani cha pwani kilikuwa na neno sharubati, na kilikuwa na maji ya machungwa na maji ya ndimu. Sharubati lilikuwa neno la uaminifu: kila aliyeinywa alijua kuwa ndani yake mna maji na sukari, na tunda likatiwa kwa ladha. Neno juisi lilipoingia lilivimeza vyote, hata likafika mahali pa kuitwa juisi kitu kisicho na tunda kabisa. Kiwango cha Codex cha mwaka 2005 kinatenga juisi, ambayo haipaswi kuongezwa maji isipokuwa kuyarudishia yale yaliyotolewa katika kuikoleza, na nekta, ambayo huongezwa maji na kwa matunda mengi huhitaji kuwa na kiasi kisichopungua kati ya asilimia 25 na 50 cha tunda. Chini ya hapo ni vinywaji tu. Katika Kiswahili cha dukani ngazi hizo zote ni "juisi ya embe". Lebo makini huandika "kinywaji chenye ladha ya embe", na mwenye kusoma pole pole ataona kuwa kilichoahidiwa ni ladha. Lakini picha iliyo juu ya pakiti ni ya embe lililokatwa, lenye umande, na mnunuzi akifika kaunta huomba juisi ya embe. A-unganifu imerudi kazini.

Kisa kinachofunua sarufi ya jambo hili kuliko vyote kilitokea New Zealand, na kinahusu Ribena, kinywaji kinachofahamika pia katika maduka ya Afrika Mashariki. Tangazo lake lilisema kuwa matunda ya blakikaranti yaliyomo katika Ribena yana vitamini C mara nne zaidi ya machungwa. Mwaka 2004 wanafunzi wawili wa kike wa sekondari huko Auckland, wenye umri wa miaka 14, walivipima vinywaji mbalimbali katika jaribio la somo la sayansi. Walitarajia Ribena ishinde. Waliikuta karibu haina vitamini hiyo, wakarudia wakidhani kuwa wamekosea, na majibu yakawa yaleyale. Walipoiuliza kampuni kwa simu, walijibiwa kuwa kauli ile ilihusu matunda yenyewe.

Jibu hilo lilikuwa sahihi kisarufi. Kiima cha sentensi kilikuwa matunda, si kinywaji. Kinywaji kiliingia katika kishazi tegemezi tu, kama mahali matunda yalipo. Tunda lina vitamini hiyo linapokuwa mtini, na sentensi haikusema zaidi ya hapo. Wanafunzi hao hawakuridhika na sarufi, wakalipeleka suala lao kwenye televisheni na kwa Tume ya Biashara ya nchi hiyo. Tume ilifanya vipimo vyake, ikakuta kuwa Ribena iliyokuwa tayari kwa kunywewa, ambayo lebo yake ilitaja miligramu 7 za vitamini C katika kila mililita 100, haikuwa na kiasi chochote kinachoweza kupimika. Mwezi Machi 2007 kampuni ilikiri makosa 15 mbele ya mahakama ya Auckland, ikatozwa faini ya zaidi ya dola 200,000 za nchi hiyo, ikaamriwa kuchapisha masahihisho. Takribani makosa yote yalihusu sentensi ile ya matunda na namba ile ya lebo. Namba ilikuwa ya uongo, na mkemia aliithibitisha bila shida. Sentensi ilikuwa ya kweli, nayo ilihukumiwa pamoja nayo.